Kabuti Kando ya Bwawa

Baba yangu hakuwahi kumpiga ndege jiwe. Alisema ndege ana njaa kama wewe, ila yeye hana aibu, kwa hiyo dawa yake ni kumtia aibu. Kila alfajiri alivaa kabuti lake la kijivu, la mtumba, lililomfika chini ya magoti, akaenda kusimama ukingoni mwa bwawa lake la samaki nyuma ya nyumba yetu pale Ilomba, Mbeya. Hapo alipiga ukelele mmoja mrefu: "Hayaaa! Kwenu hawali?"

Ulikuwa ukelele wa utotoni mwake. Alikulia bonde la Usangu, na kazi ya kwanza aliyofanya duniani ilikuwa kuamia mpunga, kushinda shambani akifukuza ndege wasimalize mashuke. Alihamia Mbeya mjini, akafanya kazi za watu mpaka akastaafu, akaota mvi, na ule ukelele haukumtoka kooni. Jirani mmoja alituambia hana haja ya kununua saa ya mezani.

Mama alikuwa jikoni muda huo, amechuchumaa anapepea mkaa. Alijibu bila kugeuza shingo: "Chai ipo tayari!"

Ikawa hivyo miaka yote, ukelele kisha jibu. Nilipokuwa mdogo, kabla ya bwawa, alikuwa akiwapigia kunguru wa kwenye mahindi, na mama alijibu vilevile. Nilidhani ndivyo jua linavyoombwa lichomoze.

Bwawa alilichimba baada ya kustaafu, kwa jembe na kwa ubishi. Mbeya ni baridi, na perege wa kwetu hukua kwa kusuasua. Watu walipita uani wakamtania: "Mzee, hao ni samaki au viluwiluwi?" Naye aliwajibu kwamba wenye haraka wakale dagaa. Aliwalisha pumba za mpunga ambazo shangazi yangu, dada yake wa Rujewa, alimtumia kwa magunia. Pumba hizo alizibeba kwenye mfuko wa kabuti, mfuko wa kulia, akazirusha konzi kwa konzi.

Samaki walimzoea. Au niseme ukweli, walilizoea kabuti. Siku moja ya jua kali alitoka na shati tupu, akasimama palepale pake, na maji yakatulia kimya kama hakuna kiumbe ndani. Akarudi ndani akavaa kabuti. Kivuli chake kilipoangukia majini tu, wakaja wote juu, midomo wazi. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Hawa ni watumishi," alisema, "wanamjua bosi kwa koti lake." Tulicheka naye, na kwa muda mrefu ikawa hadithi ya kuwapokelea wageni.

Mimi naishi Iringa. Nashona mapazia, nina chumba cha biashara na vyerehani viwili, na kwa wazazi nilikwenda sikukuu na kazi zikipungua. Ni binti yao, mtoto wa pekee, jambo ambalo shangazi hakuwahi kulimeza. Kila tulipoonana aliniangalia juu mpaka chini kama kitambaa kilichopungua.

Baba aliugua wakati wa mvua kubwa. Kikohozi kilichoanza kama mzaha kikamlaza, na asubuhi moja gari la jirani likaja kumpeleka hospitali. Nilikuwa nimefika jana yake. Tulimfunga blanketi, na kabuti likabaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Kizingitini alisimama, akamgeukia mama.

"Samaki wangu asiwaguse mtu," alisema. "Nitakuja kuwatoa mwenyewe."

"Haya," mama alisema, na akamrekebishia blanketi shingoni.

Hakurudi kwa miguu yake.

Siku za msiba uani kulijaa watu. Turubai lilifungwa juu ya bwawa na nusu ya ua, wanaume wakaota moto, akina mama wakalala sebuleni kwenye mikeka, na kwa kelele zile hakuna ndege aliyethubutu. Tukazika. Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, turubai likafunguliwa, likarudishwa kwa wenyewe. Msiba una tabia hiyo: huwaishia wengine ndipo unaanza kwako.

Asubuhi iliyofuata mama alipiga yowe jikoni. Wale akina mama wachache waliobaki walikimbia wakifunga vitenge, wakamshika, wakaanza kumwimbia wimbo wa kanisani. Mama alikuwa ananyoosha kidole dirishani. Nikachungulia. Korongo alikuwa amesimama ukingoni, wa kijivu, mrefu, palepale aliposimama baba kila alfajiri, na shingoni mwake kulikuwa na uvimbe unaoshuka taratibu. Perege mzima.

Akina mama waliendelea kuimba. Mama analilia samaki, wao wanamfariji kwa mume. Nilitaka kuwaeleza, nikaacha, kwa sababu hata leo sijui kama palikuwa na tofauti.

Kwa upande wa baba nguo za marehemu hazigawiwi ovyo. Anayezigawa ni dada yake, na shangazi alisema mpunga wake bado uko shambani, nguo zisubiri mavuno. Basi zikafungwa kwenye sanduku, ila kabuti na kofia vikabaki msumarini. Mpaka siku ya kugawa hakuna ruhusa ya mtu kuvaa chochote.

Suala la samaki nililiona dogo. Niliporudi tena kutoka Iringa nilikuja na neti za mapazia, vipande vilivyobaki kazini, nimeviunga vikawa shuka moja kubwa la kufunika bwawa zima. Nilikuwa nimeona fahari njia nzima. Nikalitandaza sebuleni mbele ya mama.

Alipapasa mshono kwa kidole. "Umeshona vizuri," alisema. "Sasa baba yako akija kuwatoa, atapitia wapi?"

Nilisubiri acheke. Mama yangu ni Mhehe, ana mzaha mkavu unaochelewa kufika, nikadhani ndio huo. Hakucheka. Aliuliza kama mtu anayeulizia mgeni aliyekwama njiani kwa sababu ya matope.

Nikakunja neti yangu. Nilifunga mishipi juu ya maji, nikatundika makopo, nikavuta mkanda wa kaseti kutoka mti hadi mti ili ulie kwenye upepo, kama wanavyofanya kwenye mashamba ya mpunga. Korongo aliinama akapita chini yake kwa adabu zote. Nami nikarudi Iringa kushona, nikiwa na hasira na ndege, na zaidi na mama, na zaidi ya wote na yule aliyeaga kwa kuahidi.

Mvua zilipokuwa zinakwisha nikaenda tena. Basi lilifika mchana. Nilipita sebuleni, nikapita jikoni, nikafungua mlango wa uani, na nikamwona baba.

Sitaki kulizungusha. Nilimwona. Alikuwa amenipa mgongo, kofia yake kichwani, amesimama ukingoni ameinama kidogo kama alivyoinama akiangalia maji. Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlima Loleza, mkono wa kushoto wa kabuti ukainuka, ukashuka.

"Shikamoo baba," nilisema. Mdomo ulitangulia akili.

"Haitikii," mama alisema nyuma yangu. "Lakini anasikia."

Mama alikuwa amefunga miti miwili msalaba, akaisimika, akaivisha kabuti. Kichwa na shingo vilikuwa gunia la pumba lililokunjwa. Nilikaa chini kwenye ngazi ya jikoni, na mama akaniletea maji ya kunywa kama mtu aliyetoka safari tu.

Asubuhi niliamka nikamkuta mama dirishani. "Kamwene," alimwamkia yule wa ukingoni kwa salamu ya kwao. Alisubiri kidogo, kiasi cha mtu mwingine kuitikia, kisha akarudi kwenye mkaa wake. Lile jibu lake la chai sikulisikia. Hakukuwa na ukelele wa kujibiwa.

Ni kweli kwamba mwanzoni korongo alikoma. Alizunguka juu, akaona kabuti, akaenda zake. Mama alinieleza hayo kwa majivuno. Lakini baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba sanamu la kutishia ndege lazima lihamishwe, leo huku kesho kule, kwa kuwa ndege si mjinga. Nikamwambia mama alihamishe.

"Nikilihamisha sitaliona kutoka jikoni."

"Mama, lile ni kabuti."

"Kwani nimekwambia ni nini?" Alikuwa amekasirika. "Najua ni kabuti. Nililinunua mimi, pale mnadani, nikapunguziwa bei. Lakini nikichungulia naona kuna mtu."

 Usiku nililala chumba kinachotazama uani, na sikufungua pazia, pazia nililolishona mwenyewe.

Baridi ya katikati ya mwaka ilipofika, shangazi akapiga simu kwamba mpunga umeingia ghalani, anakuja kugawa nguo. Nikawahi kufika kabla yake. Asubuhi ya siku aliyokuwa anakuja tulisimama dirishani mimi na mama, kila mtu na kitenge mabegani. Ukungu ulikuwa unatoka majini. Korongo akashuka. Kwanza alitua begani kwa kabuti, akajikuna, akatulia kama yuko kwao. Kisha akaruka chini, akasimama miguuni pake.

Hapo maji yakaanza kutibuka.

Walikuwa wanakuja. Perege wa baba, wote waliobaki, walikuwa wanakuja juu mbele ya kabuti, midomo wazi, wakisukumana kama zamani. Walikiona kivuli, wakajua muda wa pumba. Korongo hakuwinda. Aliinamisha mdomo akachagua.

Ndipo nilipoelewa. "Mama! Kabuti ndilo linalowaita!"

"Usiseme hivyo."

"Wanadhani ni baba! Wanadhani amekuja kuwalisha! Tumemwekea korongo mpishi!"

"Usiniambie baba yako analisha ndege samaki wake!" Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Korongo alimeza, akainamisha shingo tena. Mama alipozungumza mara ya pili sauti ilikuwa imeshuka. "Hili nimeliona siku nyingi. Nilifikiri nikikaa kimya halitakuwa kweli."



"Ndege wamejua kwamba hayupo," alisema. "Samaki hawajajua. Mimi niko hapo katikati."

Nikamshika. Nilikuwa sijamshika namna ile tangu makaburini. Alikuwa amekuwa mwepesi, mifupa tu ndani ya sweta, na niliogopa, niliogopa sana, kwamba yule mtu aliyesimama kando ya maji angenichukulia na mama pia, taratibu, asubuhi kwa asubuhi, huku akidhani anatulinda.

Shangazi alifika na gunia la pumba, gunia la mchele na sauti yake. "Wifi yangu! Mhehe wangu! Mbona umekonda hivi, au huyu binti anakulisha mapazia?" Nilimwamkia, akaitikia huku ananikagua juu mpaka chini. Kisha akaenda uani kunawa miguu.

Tulisikia ndoo ikianguka. Tulipotoka tulimkuta ameketi chini kwenye udongo, miguu imenyooka mbele.

"Wifi," alisema. Sauti yake yote ilikuwa imemwishia. "Mmemsimamisha kaka yangu nje, kwenye baridi hii? Tangu masika?"

Nilitaka kuingilia, mama akaninyamazisha kwa mkono.

"Anangoja samaki wake, wifi. Alisema asiwaguse mtu. Atakuja kuwatoa mwenyewe."

Nilijiandaa kwa vita. Shangazi ni mtu wa kutukana mpaka mbuzi akae chini. Lakini alifuta pua kwa ncha ya kanga, akaangalia lile kabuti muda mrefu, akauliza polepole, "Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Pale kizingitini."

"Basi kesho atawatoa."

Jioni ile nguo ziligawiwa. Masuruali kwa huyu, mashati kwa yule, viatu vya kanisani kwa mzee wa jirani aliyekuwa na mguu sawa na wa baba. Kabuti shangazi alikuwa amelitoa mtini mwenyewe, analikausha karibu na mkaa. Aligeuza mfuko wa kulia nje. Pumba za zamani zilianguka, zimeota ukungu, zikajaza jiko harufu ya bwawa. Hakuna aliyefagia.

Katika ukoo wa baba, anayepewa nguo ya juu ya marehemu husimama mahali pake siku ile, na watu humwita kwa cheo chake, mpaka jua linapozama. Nguo hiyo hupewa mtoto wa kiume. Shangazi anao wavulana wakubwa, na nilijua kabuti litapanda basi kwenda Rujewa.

"Mungu alimpa mmoja," shangazi alisema, akiangalia dari kama anayemlalamikia mwenye nyumba, "tena wa kike. Tutafanyaje sasa." Akanitupia kabuti mapajani.

Nililivaa asubuhi, jikoni, mbele yao wote wawili. Lilikuwa zito kuliko nilivyofikiri. Mikono ilifunika vidole vyangu. Shangazi, mwanamke mzima, aliyeniogesha nikiwa na siku chache duniani, aliweka kikombe chini, akapiga goti.

"Shikamoo kaka."

Nilimtazama mama aniokoe. Alikuwa amechuchumaa, anapepea mkaa, macho yake motoni. Na salamu ile jibu lake ni moja tu.

"Marahaba," nilisema. Nywele zilinisimama mpaka nyuma ya masikio.

Nikachukua wavu wa kuvulia na ndoo, nikatoka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Korongo alikuwapo. Ndege yeyote mwingine angeruka kumwona mtu anakuja, lakini huyu aliangalia kabuti, akanipuuza, akaendelea na shughuli zake. Nilimsogelea mpaka nikaona jicho lake, la manjano, halina habari na mimi. Tulikuwa tumezoeana, yeye na nguo niliyovaa.

Hasira ilinipanda kutoka miguuni. Hasira na ndege, na kikohozi, na barabara ndefu ya Iringa, na mtu anayesema nitakuja halafu haji. Sikupanga. Mdomo ulifunguka.

"Hayaaa! Kwenu hawali?"

Ilitoka nzito, imekwaruzwa na baridi na machozi, na naapa haikuwa sauti yangu. Korongo aliruka kwa kishindo, akapita juu ya bati la jirani, miguu inaning'inia. Na kutoka jikoni, papo hapo, bila kugeuza shingo:

"Chai ipo tayari!"

 Hata ufagio wa jirani uliacha kufagia. Shangazi alikuwa mlangoni, kiganja mdomoni. Sikuthubutu kugeuka, kwa sababu sikujua nikigeuka mama ataona uso wa nani.

Maji yalitibuka miguuni pangu. Walikuja, midomo wazi.

Niliingia mpaka kiunoni, nikashusha wavu katikati yao, na hakuna aliyekimbia. Sijawahi kufanya kazi nyepesi kama ile, na sijawahi kuichukia kazi kama ile. Wakubwa walikuwa wamebaki wachache. Vitoto nilivirudisha. Nilipotoka na ndoo, mama alikuwa amesimama hatua chache kutoka ukingoni, mkononi kikombe cha baba, kile cha bati kilichobanduka rangi. Aliangalia kabuti. Uso wangu hakuutazama hata mara moja.

"Umewatoa?" aliuliza.

Nilijua anayeulizwa ni nani.

"Nimewatoa."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa ameshikilia mzigo na sasa ameonyeshwa pa kuutua. Aliinama akaweka kikombe chini, karibu na miguu yangu.

"Haya," alisema. "Basi nenda kapumzike, mume wangu. Baridi hii itakuumiza."

Akachukua ndoo mkononi mwangu, akaenda kuparua samaki. Shangazi alimfuata. Mimi nilibaki nimesimama pale ukingoni, palepale pake, kabuti linachuruzika maji, chai inapoa chini, kwa sababu sikujua kama aliyeruhusiwa kuondoka ni mimi.